Wageni Sitini na Wawili wa Nahashon

Nahashon Mwaura aliondolewa mlangoni kwetu kwa kosa la kuandikisha Wakanada na Wafilipino sitini na wawili ambao hawakuwapo. Barua ya onyo niliichapa mimi, kwa vidole hivi hivi, kwa hiyo mtu asije akanisimulia habari hiyo kama anayeijua kuliko mimi. Barua ilisema kwamba mlinzi huyu "alighushi kumbukumbu za mlango." Kughushi ni neno zito. Lilikaa ndani ya faili lake miaka kumi na mmoja, na mwaka huu, mkataba wake ulipokuwa unaelekea kwisha mwezi wa sita, kampuni yake ya ulinzi ilimwambia kwamba wenye barua za namna hiyo hawaongezewi muda. Kurudi nyumbani hakukumtisha. Alichokuwa hataki ni kurudi Ol Kalou na jina la mghushi.

Mimi ni Pamela, mzaliwa wa Kisii, karani wa studio ndogo hapa Doha, mtaa wa nyuma karibu na uwanja wa ndege wa zamani. Kazi ya studio ni kutia katuni sauti za Kiarabu. Picha zinakuja kutoka nje zikisema Kiingereza au Kifaransa, waigizaji wanajifungia katika chumba kisichopitisha kelele, na wakitoka humo wanyama wote wanasema Kiarabu. Yangu ni barua, ratiba, na kutafuta funguo za watu wazima waliozipoteza wenyewe. Bosi wetu tunamwita Mudiri, kama wanavyoitwa mabosi wengi wa hapa. Ni mtu mwema, ila ana haraka, na haraka yake ndiyo iliyotuponza sote.

Nahashon alikuwa mlinzi wetu wa mchana. Shati lake lilipigwa pasi mpaka likasimama lenyewe, na viatu vyake vilinifanya nione aibu ya vyangu. Lakini hasa alikuwa mtu wa kuandika. Alipofunzwa ulinzi Nairobi, mwalimu wao aliwapa sheria moja tu: kinachopita mbele yako kiandike, kisichoandikwa hakikupita. Nahashon aliichukua sheria hiyo kama wengine wanavyochukua wokovu. Kitabu cha wageni cha studio yetu, kwa miaka ile ya zamu yake, kina mabalozi, mafundi wa maji, na paka wa kijivu aliyeingia saa tatu na dakika kumi, akatoka saa tatu na robo, "hakubeba kitu." Nilimcheka sana kwa huyo paka. Akaniuliza kwa upole kama ningeweza kuapa kwamba paka hakuja.

Sasa, mapenzi yake na katuni hayakuanzia Doha. Alipokuwa na miaka kumi hivi, kule Ol Kalou, bwana shamba wa eneo lao alikuwa na televisheni iliyowashwa kwa betri ya gari. Kila Jumamosi Nahashon na dada yake Wanjiru walikuwa wakienda kukaa sakafuni kwake kutazama kipindi cha Kanada kilichoitwa Posta ya Mtoni. Kilikuwa cha familia ya biva, yule mnyama wa huko mwenye mkia bapa kama mwiko, anayekata miti kwa meno na kuziba mito. Biva hao walikuwa na posta juu ya mto ulioganda, wakipeleka barua kwa wanyama wengine wakati wa theluji. Katika sehemu ya ishirini na tano, bibi biva alipokea barua isiyo na jina la mwenyewe, na ikabidi sehemu ya mwisho ieleze ilikuwa ya nani. Wiki hiyo serikali ikamhamisha bwana shamba kwenda Kitale, naye akaondoka na televisheni yake, betri yake na jibu. Nahashon alikaa na swali lile miaka ishirini na sita. Mimi nina ndugu waliokaa na chuki kwa muda mfupi kuliko huo.

Mtoto mwingine angeyasahau yale majina yanayopanda mwishoni mwa kipindi. Nahashon ndiyo aliyoyapenda. Alitaka kujua ni watu gani hao waliokaa mahali penye baridi kiasi kile wakachora mwiko wa biva. Alipofika Doha na kupata simu yenye mtandao, akaanza kuwasoma, na Ijumaa, tukitoka ibadani kwenye makanisa ya Mesaimeer, alikuwa akitulisha elimu hiyo ndani ya basi la kwaya mpaka Al Wukair tunakoishi. Kwaya nzima sasa inajua kwamba katuni za Kanada zilianza kwa shirika la filamu la serikali, wakati wa vita kuu ya pili, ambako Mskoti mmoja alikuwa akichora moja kwa moja juu ya utepe wa filamu bila kamera. Tunajua kwamba miaka ya sabini vijana wa Toronto wakaanza kufungua studio zao wenyewe, wakifuatwa na za Ottawa, Montreal na Vancouver. Tunajua kwamba serikali yao iliweka sheria ya kuhesabu pointi: mwandishi akiwa Mkanada, pointi, mchoraji mkuu akiwa Mkanada, pointi, zikitimia, kipindi kinahesabiwa cha nyumbani na kinasaidiwa. Soprano wetu mmoja, Charity, aliwahi kumwomba ahubiri kitu kingine walau wakati wa Pasaka.

Jambo lililomuuma ni moja. Studio nyingi za huko zilichora picha za msingi tu, kisha kazi ngumu ya kuchora hatua kwa hatua na kupaka rangi ikapelekwa Asia, Manila au Seoul, na mwishoni majina ya wale watu hayakuandikwa. Liliandikwa jina la kampuni yao, mstari mmoja, basi. Nahashon alisema hilo ni sawa na kuandika kitabuni kwamba basi limeingia, bila kusema lilibeba nani. Halafu studio zenyewe zikaanza kumezana. Ndogo ikanunuliwa na kubwa, kubwa na kubwa zaidi, na ile ya Ottawa iliyotengeneza Posta ya Mtoni ikafungwa mara tu baada ya sehemu ya mwisho.

Basi, mwaka 2014, mwezi wa tatu, kipindi hicho hicho kikaja kwetu kutiwa Kiarabu. Nahashon alipoona jina kwenye sanduku la kanda alilikabidhi kwa mikono miwili. Pale mapokezi tuna skrini inayoonyesha kila kanda inapokaguliwa, bila sauti. Siku ya sehemu ya ishirini na sita, saa nne asubuhi, akasimama mbele ya skrini akiwa na kitabu cha wageni kwapani, akatazama. Barua ile isiyo na jina, tuliona wote, ilikuwa ya bibi biva mwenyewe. Alikuwa amejiandikia zamani, alipokuwa mdogo, ikapotea njiani. Nahashon alitoa leso.

Kilichofuata ndicho kilichomponza. Wale watu wa Ottawa walijua studio inafungwa, kwa hiyo mwishoni walivunja desturi na kuandika kila mtu. Si wachoraji wakuu peke yao. Waliandika wapaka rangi wa Manila mmoja mmoja, wapo ishirini. Waliandika mpishi wa chai. Na chini kabisa, baada ya wote, yakaja maneno haya: "Mlangoni: Bradley Fournier." Nahashon hakuwa amewahi kuona mlinzi kwenye orodha ya namna hiyo, maisha yake yote. Mkono wake ukafanya ulichofundishwa. Akamwomba fundi aitembeze kanda polepole, akafungua kitabu alichokuwa nacho, akawaandika wote, jina, kazi, anakotoka, saa ya kuingia. Saa ya kutoka aliiacha wazi.

Adhuhuri hiyo hiyo wakaja watu wa zimamoto kwa zoezi la ghafla. Kengele ikalia, tukatoka nje tukasimama juani. Ofisa akahesabu vichwa, tukawa tisa. Akafungua kitabu cha mlangoni, kikasema ndani kuna watu sabini na mmoja. Sijawahi kuona wanaume wakikimbia hivyo. Walipekua kila chumba, wakavunja kitasa cha stoo, wakaita kwa Kiarabu na Kiingereza, na Mudiri nyuma yao akiapa kwamba hana wafanyakazi kutoka Manila. Nahashon alikuwa akijaribu kueleza, lakini kueleza kwamba watu wamo kwenye kanda, huku king'ora kinalia, ni kazi ngumu. Maofisa walipoelewa walicheka kwa adabu na kuondoka. Mudiri hakucheka. Aliniambia nichape barua kabla hajatulia, nami nikachapa kabla sijafikiri. Neno "alighushi" alilitamka yeye, na mimi, niliyelipwa kuchagua maneno, nikaliacha lipite.

Nahashon akahamishiwa Lusail, kwanza geti la ujenzi, halafu maegesho ya magari chini ya majengo yale marefu. Miaka kumi na mmoja. Hakuniwekea kinyongo, jambo ambalo liliniudhi zaidi kuliko kama angenitukana. Kila Ijumaa aliniuliza swali lile lile: mlango wake hajambo? Nami nilimpa habari. Mlinzi wa sasa anasinzia. Yule wa baadaye anawaita wageni "wewe." Tulibadilisha walinzi saba, na hakuna aliyemwandika paka.

Mwezi wa pili mwaka huu ikaja barua pepe kutoka Ottawa. Mwandishi alikuwa mama wa miaka sabini na sita aitwaye Ann, aliyechora mandhari ya Posta ya Mtoni enzi za ujana wake. Alieleza kwamba kampuni inayomiliki kipindi sasa inakitengeneza upya kionyeshwe tena, na picha zote zimepatikana, isipokuwa mwisho wa sehemu ya mwisho. Kanda mama iliharibiwa na maji ghalani. Nchi nyingine zilikata yale majina ili kuweka matangazo, na sisi wenyewe tuliyakata ili tuweke majina ya Kiarabu. Yeye aliwakumbuka watu thelathini tu. Wapaka rangi wa Manila hakuwahi kuwaona kwa macho, aliahidi tu kwa simu kwamba safari hii wataandikwa. Aliuliza kama kwetu kumebaki chochote. Alisema sisi ni wa kumi na nne kuulizwa.

Nilikaa nikiitazama barua hiyo mpaka chai ikapoa. Kisha nikaenda kwenye begi langu la kwaya.

Hapa lazima niungame. Siku ile ya zoezi Mudiri aliniamuru nikiharibu kitabu. Lakini mimi nimesoma shule ya bweni, na mtu aliyesoma shule ya bweni hatupi daftari lenye kurasa tupu. Kilikuwa kimebakiza nusu nzima. Nikakipeleka kwenye kwaya, nikakigeuza, na tangu siku hiyo tunakitumia kuandika mahudhurio ya mazoezi kuanzia nyuma. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, ingawa sidhani walikuwa wanafikiria alto na soprano. Miaka kumi na mmoja nilibeba wageni wa Nahashon kwenda kanisani na kurudi, na sikuwahi kufungua mwanzo.

Nilifungua sasa. Walikuwepo wote, kwa mwandiko wake wa kusimama wima. Namba moja, mwandishi. Namba ishirini na tisa, Ann, mandhari. Kuanzia thelathini na tano mpaka hamsini na nne, Manila. Namba sitini na mbili, Bradley Fournier, mlangoni. Nikaona na safu ambayo siku ya zoezi hakuna aliyeijali, ile ya "Anakuja kumwona nani." Mara sitini na mbili, bila kuchoka, Nahashon alikuwa ameandika neno moja: mimi.

Nililia, sitaki kudanganya. Nilipomaliza nikapandwa na hasira, na hasira yangu ina matumizi.

Nikampelekea Mudiri barua ya Ann na kitabu. Alifurahi sana. Alisema tupige picha ukurasa, tutume leo leo, na pengine Wakanada watatupa kazi ya kutia Kiarabu upya, na Kiswahili pia, kwa kuwa Waswahili tumejaa mjini. Alikuwa ameshainua simu. Hakukumbuka kabisa mwandiko ule ni wa nani, na nilipomkumbusha, akasema vizuri, tutamshukuru.

Nikakishika kitabu nisikiachie.

"Mudiri," nikamwambia, "haya majina kama ni ya kughushi, tusiwatumie wazungu wa watu uongo. Na kama ni ya kweli, basi ile barua yetu ndiyo ya uongo. Chagua moja, nichape."

Aliweka simu chini. Nilikuwa nimefanya naye kazi miaka kumi na mitano na sikuwa nimewahi kumwambia achague kitu. Akasema kwa sauti ya chini kwamba siku ile alikuwa ameaibika mbele ya maofisa. Nikasema najua. Akaniambia nichape.

Lakini Nahashon mwenyewe akaleta matata. Nilimpigia simu kule Lusail nikamsomea barua mpya, iliyosema hakuna kosa lolote, na onyo limefutwa. Akakataa.

"Pamela, kosa lilikuwepo," akasema. "Niliandika watu kwa kitabu si chao, na wale watu wa zimamoto walikimbia bure, na hiyo ingeweza kuua mtu siku ya moto wa ukweli. Andika nilikosea kitabu. Ile ya kughushi ndiyo utoe."

Nilimwita mpumbavu, kwa mapenzi. Nikachapa alivyotaka: kwamba mlinzi Nahashon Mwaura aliandika majina ya kweli katika kitabu kisichostahili, na kwamba studio inafuta neno kughushi na kuomba radhi kwa kulitumia. Mudiri akatia sahihi, na picha za kurasa zikaenda kwa Ann pamoja na kisa chote cha aliyeziandika. Barua ikaenda kwenye kampuni ya ulinzi kwa mkono wangu mwenyewe, maana sikuiamini njia nyingine. Msimamizi wao, Ronnie, Mganda mmoja mcheshi, alisoma mara mbili akauliza kama hao Wakanada walitoka hatimaye. Nikamwambia bado.

Mkataba uliongezwa miaka miwili. Mudiri aliomba Nahashon arudishwe kwetu, na tarehe moja mwezi wa saba nilimkuta mlangoni, shati limesimama, akimfundisha paka wa kijivu, mjukuu labda wa yule wa kwanza, asipite bila kusubiri. Aliniandika jina na saa kama hanijui.

Wiki tatu baadaye Ann akatutumia sehemu ya mwisho, iliyosafishwa, kabla haijaonyeshwa popote. Tuliitazama wote pale mapokezi, saa nne asubuhi, safari hii na sauti. Bibi biva akafungua barua yake. Nahashon hakuketi. Alikuwa amenitaka mapema nimletee kitabu cha kwaya, na sasa akakiweka juu ya kaunta, akakifungua upande wa mbele, akatoa kalamu.

Majina yakaanza kupanda. Kila lilipopita aliangalia saa ya ukutani, akaandika kwenye safu ya kutoka, iliyokaa wazi miaka yote ile. Mwandishi akatoka. Ann akatoka. Manila wakatoka mmoja mmoja, ishirini, hakumkosa yeyote. Nilikuwa nimesimama karibu naye nikaona alivyowaitikia kwa kichwa, kama anavyowaaga wageni wa kawaida. Bradley Fournier akapita, akamwandikia saa nne na dakika ishirini na nane.

Tulidhani yamekwisha. Chini ya Bradley ukapanda mstari mmoja zaidi, ambao Ann hakuwa ametuambia: "Mlangoni, Doha: Nahashon Mwaura. Walikuja kumwona yeye."

Mudiri alijifanya anatafuta miwani. Nahashon alikuwa ameandika namba sitini na tatu, ameandika jina lake lote, mlangoni, Ol Kalou, na kalamu ikafika kwenye safu ya kutoka ikasimama.

"Malizia basi," nikamwambia.

"Huyu hajatoka," akasema. "Huyu ako zamu."

Akafunga kitabu, akanirudishia nikakitumie Ijumaa, akaenda kumfungulia mlango fundi wa maji aliyekuwa akibisha.